Ya Migori Imeshika?

Alhamisi ya pili ya mwezi wa Machi, mwaka juzi, saa nane na kitu mchana, nilimpoteza mke wangu. Jina lake lilikuwa Adhiambo. Mimi nilimwita nyar Kendu, yaani binti wa Kendu, kwa sababu alizaliwa Kendu Bay, na kwetu mwanamume humwita mkewe kwa kule alikotoka. Yeye aliniita Baba Vero, kwa jina la mtoto wetu wa pekee.

Haya ninayoandika yalitokea. Sikuyaota. Sikuwa na homa, na pombe sijawahi kuionja maishani. Shule yangu iliishia kidato cha nne, tena kwa shida, na kompyuta nilifundishwa na mke wangu mwenyewe, jioni baada ya chakula, kwenye meza ya jikoni. Mtu kama mimi hajui kutunga. Ukiniamini, vizuri. Usiponiamini sitagombana nawe. Nimechoka.

Lakini lazima kwanza ujue kazi tuliyofanya, maana jambo lenyewe limo ndani ya kazi.

Kuna shirika lenye zahanati ndogo ndogo huku Migori na Homa Bay. Lilitaka rekodi za wagonjwa zitoke kwenye makaratasi ziingie kwenye kompyuta, ili muuguzi wa Sori aweze kuona alichoandika muuguzi wa Rusinga. Vijana fulani wa Nairobi waliutengeneza mfumo huo juu ya kitu ambacho vitabu vinakiita kiunzi. Nyar Kendu alinieleza hivi: kiunzi ni nguzo na mapao ya nyumba ambayo mtu mwingine amekwisha kuyapiga misumari. Wewe unaleta mabati na madirisha tu. Ila nguzo lazima zisimame mahali, na mahali penyewe ni seva, ile kompyuta kubwa isiyozimwa. Sasa, seva ya Migori ilikuwa ya aina moja na ya Homa Bay aina nyingine. Ya Migori ilikuwa nyepesi. Unaweka faili kwenye folda yake, inaifungua yenyewe na kuanza kazi. Ya Homa Bay ilikuwa kama ule udongo mweusi unaoshika matairi wakati wa mvua. Inataka uiandikie kila kitu kwa mkono: data iko wapi, ipite mlango upi, vipande vipi vya kiunzi itumie na vipi vyake yenyewe iviache. Kiunzi kilikuwa kilekile, lakini kilichokubaliwa Migori kilikataliwa Homa Bay.

Kwa hiyo tulikuwa na utaratibu wetu. Mimi nakaa na seva ya Migori, yeye anakaa na ya Homa Bay, simu tumeziweka spika. Alikuwa ameandika hatua kumi na saba kwenye madaftari mawili yanayofanana, moja langu na moja lake, ukurasa wa kushoto Migori, wa kulia Homa Bay. Mimi nasoma hatua, kila mmoja anaifanya upande wake, halafu kila mmoja anasema, "Imeshika." Kama unavyosema moto umeshika, au saruji imeshika. Hakuna anayekwenda mbele kabla hajalisikia neno hilo kwa mwenzake, na hakuna anayeondoka kwenye kiti. Seva mbili zile zilikuwa zinatafutana. Moja ikiachwa katikati, unarudi kuanza hatua ya kwanza.

Siku ile tulifika hatua ya kumi na nne. Stima ikapotea Migori.

Nikamwambia, "Nyar Kendu, huku giza. Usitoke hapo mpaka nikwambie ya Migori imeshika."

Akasema, "Sawa. Lakini kichwa kinaniuma, Baba Vero."

Nikamwambia, "Pole. Ngoja kidogo."

Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwake. Stima ilirudi baada ya nusu saa. Nikawasha seva, nikafanya hatua ya kumi na nne, ikashika. Kazi yangu ilikuwa kuchukua simu na kumwambia. Lakini mama wa hoteli ya jirani alikuwa ameniletea ugali na mbuta, samaki bado anatoa mvuke, nami nikajiambia, acha nile kwanza. Nilikula taratibu. Nikanawa mikono. Nilipopiga simu haikushikwa. Nilipiga tena na tena, mwisho akashika mtu mwingine.

Watu wa ofisi walimkuta amelaza kichwa mezani, mkono wake ukiwa kwenye kibodi. Daktari alisema ni presha, mshipa ulipasuka, na kwamba hata ningepiga simu mapema huenda isingesaidia kitu. Huenda. Nimelifikiria neno hilo zaidi ya neno lolote nililowahi kusikia.

Tulimzika nyumbani kwetu Nyatike, si mbali na Sori, kushoto kwa mlango wa nyumba yetu. Kabla ya mazishi mama yangu aliniita pembeni. Akasema mtu aliyefia mbali na nyumbani haletwi kwa gari la maiti tu. Lazima mtu wake aende mahali palepale alipokata roho, amwambie kwamba wanaondoka, achukue tawi la mti wa pale, alilete mpaka kaburini. Mwili unaweza kufika na mwenyewe akabaki nyuma. Mimi nilimwambia mama kwamba sisi ni watu wa Sabato, na kanisani tunafundishwa kuwa wafu wamelala, hawajui lolote. Nikamletea mhubiri amweleze. Mama alimsikiliza mhubiri mpaka mwisho, akamkaribisha chai, na hakulitaja jambo hilo tena.

Basi hakuna aliyekwenda kwenye kile chumba.

Mwezi wa Juni shirika lilinipigia simu. Walisema kwa upole, pole sana kwa msiba, lakini wauguzi wa upande wa Homa Bay bado wanaandika kwenye karatasi, tafadhali nenda ukamalizie. Nikachukua pikipiki yangu Alhamisi asubuhi nikaenda.

Ofisi ile iko karibu na ziwa. Chumba cha seva kiko nyuma, kina dirisha moja, na nje ya dirisha umeota mwarobaini. Mlangoni nilimkuta mfanyakazi wa usafi ambaye sikumjua. Aliitwa Mama Frida, mtu wa Rusinga, ameajiriwa baada ya Pasaka. Alikuwa akikamua kitambaa cha deki.

"Wewe ndiye fundi wa Migori?"

"Ndimi."

"Afadhali! Mwenzako amengoja mpaka mimi nimemhurumia."

"Mwenzangu yupi?"

"Si huyo mama wa sweta ya kijani. Mkali huyo! Nikipitisha ufagio karibu na waya ananiangalia tu, najua nimekosa. Jana nikamwekea chai, nimerudi nimekuta imepoa hivyohivyo. Nikamwambia, mama, hii ni ya maziwa, si maji ya kuoshea sufuria, kunywa! Kimya." Akacheka. "Nyinyi watu wa kompyuta mna maringo, kweli."

Unafikiri nilikimbia? Watu wote niliowasimulia wanasema wao wangekimbia. Mimi nilifungua mlango.

Alikuwa ameketi kwenye kiti chake, mgongo kwangu, uso kwenye skrini. Sweta ya kijani. Nywele zilikuwa zimesukwa vile zilivyosukwa Jumapili kabla ya kifo chake. Jua la saa nane lilikuwa limejaa chumbani, hakuna kona yenye giza, hakuna upepo wa baridi kama wanavyosema kwenye redio. Feni ilikuwa inazunguka. Nje mtu alikuwa anaanika omena, wale dagaa wa ziwani, na harufu yake iliingia dirishani kama siku zote.

Hakugeuka. Akasema, "Baba Vero, mbona umekawia? Ya Migori imeshika?"

Niamini, hofu haikuja. Kilichonijia kilikuwa uchovu, nikakaa kwenye kiti cha plastiki cha wageni. Nilijua vizuri sana la kumjibu. Ya Migori ilikuwa imeshika miezi mitatu nyuma. Ningesema neno moja tu, naye angejua kazi imekwisha.

Nikasema, "Bado. Stima imepotea."

"Basi nangoja," akasema.

Nilidanganya. Sitaki kulipamba. Nilimdanganya mke wangu aliyekufa kwa sababu nilitaka aendelee kukaa pale.

Nilikaa naye mpaka saa kumi. Aliniuliza kama Vero amekula, nikasema amekula. Aliniuliza kama mvua imefika Nyatike. Halafu akaendelea kuangalia skrini. Mara moja alisema kichwa kinamuuma. Saa kumi nilipoinama kufunga kamba ya kiatu na kuinuka, kiti kilikuwa kitupu na sweta ilikuwa imetundikwa nyuma yake. Ndipo nikakumbuka kwamba sweta ile haikurudi nyumbani na vitu vyake vingine. Ilisahauliwa pale.

Kabla sijatoka nilifungua rekodi ya seva, yale maandishi ambayo mashine hujiandikia yenyewe kila jambo linapotokea. Jina la mke wangu lilikuwa pale. Lilikuwa linaingia kila siku, isipokuwa Jumamosi, likijaribu hatua ya kumi na nne, likikosa jibu la Migori, likingoja. Kurasa na kurasa. Utasema kuna mtu mwingine aliyetumia nywila yake. Nywila ile ilijulikana na watu wawili, na mmoja nilikuwa nimemzika. Na mtu gani mwingine angekumbuka kupumzika siku ya Sabato?

Nilirudi Alhamisi iliyofuata, na iliyofuata. Shirika lilipiga simu kuuliza kazi imefika wapi. Nikasema seva ya Homa Bay ni ngumu, inakataa kiunzi. Hiyo pia haikuwa kweli. Hatua nne tu zilibaki, kazi ya saa moja. Nilikuwa nafungua daftari, nasoma hatua ya kwanza kwa sauti, yeye anasema imeshika, na tunakwenda hivyo mpaka ya kumi na tatu kama zamani. Pale nafunga daftari na kusema stima ya Migori imepotea.

Wauguzi waliendelea kuandika kwenye karatasi. Mimi nilipungua mpaka mshipi ukaongezewa tundu. Mama Frida alinitazama wiki ya tatu akasema, "Fundi, mnapeana nini na huyo mama humo ndani? Kila Alhamisi unatoka umekonda zaidi ya omena wa juzi. Na yeye pia amekuwa mwembamba, nimeona mikono yake. Kula, jamani! Kompyuta hailiwi."

Alikuwa amesema kweli juu ya mikono. Mwanzoni vidole vya nyar Kendu vilikuwa vikiandika haraka kama nilivyovijua. Wiki ya tatu vilikuwa vinatafuta herufi. Alikuwa akiandika neno, anasimama katikati, anaegemeza kichwa kwenye kiganja.

Alhamisi ya nne tulifika ya kumi na tatu. Akasema imeshika. Akauliza, "Ya Migori je?"

"Bado."

Halafu akasema, polepole sana, "Kichwa kinaniuma, Baba Vero."

Nikamwambia, "Pole. Ngoja kidogo."

Nilijisikia nikisema. Yalikuwa maneno yaleyale, kwa sauti ileile ya mtu anayefikiria jambo lingine. Nikaelewa nilichokuwa nafanya. Yeye hakuwa akipita wiki baada ya wiki kama mimi. Kwake ilikuwa bado ni mchana ule mmoja, kichwa kinauma, ameambiwa angoje. Na mimi ndiye niliyekuwa nikiurefusha mchana ule, kila Alhamisi, ili nipate kuuona mgongo wake.

Nilitoka bila kumuaga.

Nilifika Nyatike jioni. Mama alikuwa uani anapepeta mtama kwenye ungo. Mama haongei Kiswahili, kwa hiyo nakuandikia maana ya maneno yake. Hakuniangalia.

"Yuko Homa Bay?"

"Yuko, mama."

"Anasema nini?"

"Anauliza kama ya Migori imeshika."

"Na wewe unamwambia nini?"

"Namwambia bado."

Akaweka ungo chini. "Kwa hiyo umemwoa mara ya pili, na mara hii hukuwapelekea watu wa Kendu ng'ombe hata mmoja."

Kuku walianza kula mtama, naye hakuwafukuza.

"Nilikwambia twende tukamlete," akasema. "Ukaniletea kijana mwenye tai."

"Nilikosea, mama."

"Ulikosea. Sasa sikia. Ningekwenda mimi, lakini mimi siye niliyemwambia angoje. Akiitwa na mtu mwingine hatatoka, unamjua alivyo, kichwa kigumu na kazi yake. Wewe ndiye uliyemwekea neno, wewe ulitoe. Mmalizie kazi yake. Kisha mwambie kweli yote, hata ile unayoificha."

"Ipi ninayoificha?"

Ndipo akaniangalia. "Mimi sijui. Wewe unajua."

Akaniambia mengine. Nikate tawi bichi la mti ulio karibu na mahali penyewe. Nisiliweke chini mahali popote njiani. Kila njia panda nimwambie tunageuka wapi, kwa sababu anayeletwa hivyo haoni barabara, anafuata sauti tu.

Alhamisi iliyofuata niliondoka mapema nikiwa na panga dogo limefungwa kwenye gunia. Nikamkuta Mama Frida. Sikumwambia kitu, nilimwomba tu asiingie mpaka nitoke.

"Leo mnamaliza?" akauliza.

"Leo tunamaliza."

"Haya. Mwambie huyo mama mimi sina ubaya naye."

Nyar Kendu alikuwa kitini. Nikafungua daftari nikasoma, kuanzia ya kwanza. Imeshika. Ya pili. Imeshika. Alikuwa anaandika kwa kidole kimoja kimoja na mimi sikumharakisha. Tulipofika ya kumi na tatu sikulifunga daftari.

Aliuliza, "Ya Migori imeshika?"

Nikasema, "Imeshika, nyar Kendu."

Nilisikia akivuta pumzi. Alibonyeza. Seva ya Homa Bay ikaitafuta ya Migori, ambayo nilikuwa nimeiacha imewashwa, na mara hii ikaitikiwa. Nikasoma ya kumi na tano, ile ya kuiambia seva ivitumie vipande vya kiunzi na kuviacha vyake. Ya kumi na sita, ya kuzima na kuwasha upya. Tulingoja pamoja mistari ikipanda kwenye skrini. Ya kumi na saba ni kufungua ukurasa wa kwanza wa mfumo na kuona kama unafunguka. Ulifunguka. Jina la zahanati ya Rusinga likatokea, na chini yake nafasi tupu ya mgonjwa wa kwanza.

"Imeshika," akasema.

Nilitaka niachie pale. Nani asingetaka? Lakini mama alikuwa ameniambia yote.

Nikamwambia, "Nyar Kendu, ya Migori ilishika siku ileile. Stima ilirudi baada ya nusu saa. Sikukupigia simu. Nilikuwa nimeletewa chakula, nikasema nile kwanza. Wewe ulikuwa unangoja na kichwa kinakuuma, na mimi nilikuwa nakula. Halafu ukafa. Ulikufa kwenye kiti hicho mwezi wa tatu, tukakuzika nyumbani, kushoto kwa mlango. Na Alhamisi zote hizi nilikuwa nakudanganya."

Feni ilizunguka. Nilihesabu mizunguko kwa sababu sikujua nifanye nini kingine.

Akageuka. Kwa Alhamisi zote nne zilizopita hakuwahi kugeuka, lakini siku hiyo aligeuka nikamwona uso. Ulikuwa uso wake tu, umechoka, kama alivyokuwa akirudi nyumbani siku za mwisho wa mwezi. Hakunikasirikia. Ingekuwa rahisi kama angenikasirikia.

"Ulikula nini?" akauliza.

"Ugali na mbuta."

Akaitikia kwa kichwa. "Mimi pia nilikuwa na njaa," akasema.

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho. Sikumwona akiondoka. Nililia, na nilipofuta macho kulikuwa na kiti na sweta. Nikaichukua sweta. Nikatoka nje nikazunguka hadi dirishani, nikakata tawi la mwarobaini lenye urefu wa mkono wangu, nikasimama nalo pale nikasema kwa sauti, "Adhiambo, nyar Kendu, kazi imekwisha. Twende nyumbani." Mwanamume aliyekuwa akianika omena aliniangalia, akavua kofia. Watu wa huku wanajua tawi ni la nini.

Mama Frida aliingia chumbani na ndoo yake, akachungulia dirishani. "Ameenda? Hata hakuniaga!" Kisha akaliona tawi mkononi mwangu, akaona sweta. Aliketi sakafuni palepale.

Nilivaa sweta juu ya koti langu, nikalifunga tawi kifuani kwa kamba ili nisihitaji kuliweka chini. Tulipofika njia panda ya Rodi nikamwambia, nyar Kendu, hapa tunakwenda upande wa Ndhiwa. Ndhiwa vijana wa bodaboda waliniona wakacheka, mmoja akaita, "Omera, ndugu yangu, umepanda shamba kifuani?" Mwenzake mtu mzima akampiga kofi la mgongoni. Na niamini kwa hili pia: kwenye kila mlima pikipiki ilikuwa nzito, nikalazimika kupunguza gia, vile nilivyokuwa nikipunguza nikiwa nimempakia. Naujua uzito wake. Tumepanda pikipiki hiyo miaka sita.

Tangu siku ile sijamwona tena. Mfumo unafanya kazi pande zote mbili, na rekodi ya Homa Bay haina jina lake baada ya Alhamisi ile. Nilitazama, na bado huwa natazama. Kazi naifanya mpaka leo, peke yangu. Nasoma hatua na kujijibu mwenyewe. Ikifika saa nane mchana sigusi chakula, nakula usiku tu. Kanisani nakwenda, nawasikia wakisema wafu hawajui lolote, na sibishani na mtu, lakini siwezi tena kusema amina kwa hilo.

Ninalokuomba ni hili. Ukimwambia mtu angoje, mrudie. Usile kwanza, usinawe mikono kwanza. Na kama mtu wako amefia kazini, awe alikuwa kwenye kompyuta au kwenye jembe, nenda mahali penyewe umwambie kwamba kazi imekwisha, hata kama mhubiri wako atacheka. Wako wanaongoja ambao hakuna aliyewaambia. Na ukimkuta wako amekaa kwenye kiti chake, usifanye nilivyofanya mimi. Usimwambie bado.

Jioni ile tulifika nyumbani jua likiwa bado halijazama. Mama alikuwa amesimama mlangoni mwa boma. Nilipita moja kwa moja mpaka kaburini, nikalifungua tawi kifuani, nikalilaza juu ya udongo upande wa kichwa, nikamwambia amefika. Nikamweleza mama yote, pamoja na ile habari ya chakula. Aliingia jikoni, akakaa sana, akatoka na ugali wa moto na kipande cha mbuta kwenye sahani ya nyar Kendu, ile ya maua ya bluu, akaiweka karibu na tawi.

Kuku wakaanza kusogea. Vero alitoka ndani ya nyumba, akanivua sweta ya kijani bila kuomba ruhusa, akaivaa mikono ikining'inia, akachukua kijiti akaketi kando ya sahani kuwafukuza.